Tiba ya seli shina kwa moyo na magoti ya mzee, kuna ukweli au tunapigwa?

Mtoto wa Tatu (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naomba niende moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi. Mzee wangu alipata shambulio la moyo mwaka jana, tukamshukuru Mungu akapona, ila moyo umebaki dhaifu. Daktari alituonyesha kwenye eko (ile picha ya moyo ukiwa unapiga), unaona kabisa ukuta mmoja unacheza vizuri na sehemu ya chini imelala tu haisukumi, akasema pale pameshakuwa kovu na kovu halirudi kuwa misuli. Dawa anakunywa zote lkn akipanda ngazi chache anasimama kuhema. Juu ya hapo magoti yamesagika yote mawili, usiku analalamika mpaka mama naye halali.

Sasa dada yangu amepata kliniki moja ya nje, wanasema wanatibu kwa seli shina za mtu mzima. Wanatoa mafuta kidogo tumboni kwa mgonjwa mwenyewe, wanayachuja, wanapata hizo seli, halafu wanamrudishia kwa dripu kwa ajili ya moyo na sindano kwenye kila goti, siku hiyo hiyo anaondoka. Wanasema hakuna madhara kwasababu ni seli zake mwenyewe na zikishaingia kwenye damu zinajua zenyewe zinakokwenda. Wametutumia video za watu waliopona. Pesa wanayotaka ni ya kuuza kitu cha maana cha familia na mzee mwenyewe ameshaanza kuwa na matumaini, hapo ndo shida ilipo, kila nikipiga simu ananiuliza tumefikia wapi.

Kuna mtu mwingine pia kamletea vidonge eti vya seli shina, ni vya kumeza.

Kinachonichanganya ni kwamba nimesoma seli shina zinaponya saratani ya damu kweli kabisa, sio uongo, mahospitali makubwa yanafanya. Sasa kama zinaweza kuponya kansa zitashindwaje goti? Wenye ujuzi naombeni mnisaidie, na tafadhali msinicheke.

Nesi wa Zamu

Pole sana mkuu, na hakuna wa kukucheka, hilo swali lako la mwisho ndo swali lenyewe hasa.

Mimi nafanya kazi kwenye wodi ya kupandikiza uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa hiyo hizo seli zinazotibu saratani ya damu nazitundika kwa mikono yangu. Nikueleze zinavyokuwa. Mfuko ni mdogo tu, una kitu chekundu kizito, unatoka kwenye tangi la nitrojeni ukiwa umeganda, tunauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu pale pale karibu na kitanda na tunautundika haraka kama dripu ya damu. Ile dawa inayolinda seli zisife kwenye baridi ina harufu ya kitunguu saumu, mgonjwa anaisikia mpaka mdomoni na chumba kinanuka hadi kesho yake. Wengi wanashangaa wakiona hakuna upasuaji wowote. Seli zinapita kwenye mshipa, zinazunguka na damu, halafu zinaingia zenyewe ndani ya mifupa na kuanza kutengeneza damu mpya. Baada ya hapo kila asubuhi tunasubiri majibu ya chembe nyeupe, sifuri, sifuri, sifuri, halafu kwenye wiki ya 2 mpaka ya 4 hivi zinaanza kupanda na wodi nzima inafurahi.

Kwa hiyo hayo maneno ya "zinajua zenyewe zinakokwenda" ni ya kweli, lkn ni ya kweli KWA SELI ZA DAMU. Hizo ndo maisha yake, hata kwa mtu mzima mwenye afya huwa zinatoka kwenye mfupa zinaingia kwenye damu na zinarudi mfuponi. Seli ulizotoa kwenye mafuta ya tumbo ukazisukuma kwenye mshipa hazina safari ya namna hiyo, nyingi zinakwama kwenye mapafu maana huko ndo kuna mishipa myembamba ya kwanza zinayokutana nayo, na ndani ya siku chache ukizitafuta huzioni. Kwenye lile kovu la mzee wako hazifiki za maana.

Halafu jambo lingine. Hiyo tiba yetu ambayo ni ya kweli haikuja kirahisi. Daktari E. Donnall Thomas alianza kuwapa binadamu uboho kwenye miaka ya 1950, taarifa yake ya kwanza ilitoka 1957, na wagonjwa karibu wote wa mwanzo walifariki. Ilifika 1968 ndo watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili wakapandikizwa uboho wa ndugu zao na wakaishi. Thomas akapata Nobeli 1990, na mwisho wa 2012 dunia ilikuwa imeshavuka upandikizaji milioni 1. Na bado hadi leo kuna wanaokufa, kwanza mgonjwa anapigwa kemo kali ya kusafisha uboho wote, akishapokea seli za mtu mwingine zinaweza kumgeukia na kumshambulia ngozi, ini na utumbo. Sasa ukisikia mtu anasema ana tiba ya seli shina isiyo na madhara yoyote na unaondoka siku hiyo hiyo, jiulize.

Vidonge sitasema mengi. Seli hai ukiimeza inakutana na asidi ya tumbo, inasagwa kama chakula kingine chochote. Hakuna seli inayotoka tumboni ikiwa nzima ikaenda kwenye moyo. Mwambieni mzee asivitumie, hasa kwakuwa yuko kwenye dawa za moyo na hamjui mle ndani kuna nini.

Darubini

Nesi kaongea vizuri sana. Niongezee upande wa maabara maana ndo kazi yangu, na mtanisamehe kwa urefu.

Seli shina ya mtu mzima sio seli inayoweza kuwa kitu chochote. Ni seli iliyobakizwa ndani ya kiungo fulani kwa ajili ya kukarabati kiungo hicho hicho. Ya damu inatoa damu, ya ngozi inatoa ngozi. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vishimo vidogo sana, chini yake ndo seli shina zimekaa na zinabadilisha utando wote ndani ya siku 4 au 5 tu, ngozi ya juu inabadilika kwa takribani mwezi. Misuli ya mikono na miguu nayo inazo, zimelala pembeni ya nyuzi za misuli zinasubiri jeraha. Fundi bomba humpeleki kushona suti hata awe hodari vipi.

Ukizitumia kwa kazi yake mambo yanayotokea ni makubwa, na naomba watu wasiondoke kwenye huu uzi wakidhani hii sayansi yote ni utapeli, itaniuma. Howard Green na mwenzake James Rheinwald mwaka 1975 walionyesha namna ya kukuza seli za ngozi ya binadamu kwenye chombo cha maabara, na kufika miaka ya 1980 kipande kidogo cha ngozi isiyoungua ya mtu aliyeungua kilikuwa kinakuzwa mpaka kinakuwa mashuka ya ngozi ya kumfunika.

Na kuna yule mtoto wa Ujerumani, huyu huwa nawasimulia kila anayeanza kazi kwetu. Alikuwa na miaka 7, alizaliwa na ugonjwa wa jeni ambao ngozi ya juu haishikani na ya chini, ukimgusa tu inavuka. 2015 alilazwa Bochum akiwa hana ngozi sehemu kubwa ya mwili, madaktari walishafika hatua ya kufikiria kumtuliza maumivu tu. Timu ya Michele De Luca kule Modena, Italia, ikachukua kipande cha ngozi cha sentimita 4 za mraba, ikarekebisha ile jeni ndani ya seli, ikakuza mashuka, na madaktari wa Bochum wakamfunika nayo karibu asilimia 80 ya mwili. Ilishika. Taarifa ilitoka 2017, mtoto amerudi shule na anacheza mpira. Na walipochunguza waligundua ngozi yote ile mpya inalishwa na seli shina chache tu zinazodumu, zile nyingine zote zilizokuwa kwenye shuka zilishapotea ndani ya miezi.

Jicho pia. Pale mpaka wa cheusi na cheupe cha jicho ndo makazi ya seli shina za konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, mtu akimwagikiwa na asidi au chokaa zinakufa, utando mweupe unapanda juu ya konea na anapofuka. Graziella Pellegrini na huyo huyo De Luca walichukua punje ndogo kutoka jicho zima, wakakuza, wakapandikiza kwenye jicho bovu. Taarifa yao ya 2010 ilikuwa na wagonjwa 112 na kwa zaidi ya robo tatu yao konea ilirudi kuwa angavu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba hiyo 2015.

Sasa tuje kwa mzee. Moyo ndo kiungo kigumu kuliko vyote kwenye habari hii. Kundi la Jonas Frisén la Sweden lilipima umri wa seli za misuli ya moyo kwa kutumia kaboni iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na 2009 wakatangaza kwamba moyo wa mtu wa miaka 25 unabadilisha seli zake asilimia 1 kwa mwaka, akifika 75 ni chini ya nusu ya asilimia. Shambulio moja la moyo linaweza kuua seli kama bilioni 1. Piga hesabu mwenyewe hapo.

Mwaka 2001 Piero Anversa na wenzake walitangaza kwamba seli za uboho zikidungwa kwenye moyo wa panya zinageuka misuli mipya. Dunia ililipuka kwa furaha, haukupita muda binadamu wakaanza kudungwa. 2004 makundi mawili yalifuatilia zile seli kwa alama maalum, yakakuta hazigeuki misuli ya moyo hata kidogo, zinabaki kuwa seli za damu. Na 2018 chuo cha Harvard na hospitali aliyokuwa anafanyia kazi wakaomba taarifa 31 za maabara yake zifutwe kwasababu zilikuwa na data za kughushi. Inauma sana ukifikiria wagonjwa waliolala vitandani wakatobolewa mioyo kwa matumaini hayo.

Kwa hiyo mleta mada, jibu la swali lako: saratani ya damu inatibika kwa sababu seli ya damu inarudishwa kufanya kazi ya damu. Goti na moyo wanachowauzia nyie ni seli ya mafuta iambiwe iwe gegedu (ile nyama laini ngumu inayofunika ncha za mifupa kwenye goti), iambiwe iwe moyo, na haiwi.

Tumaini Bado

Darubini nakuheshimu ila naona umefunga mlango mapema mno. Mimi nina ndugu mwenye ugonjwa usio na tiba na nafuatilia hizi habari kila siku, kuna watu wanasoma hapa wameshakata tamaa.

Hizo seli za mafuta na za uboho zinazoitwa mesenkaima hakuna mtaalamu siku hizi anayesema zinageuka moyo. Arnold Caplan ambaye ndiye alizipa hilo jina 1991, miaka ya baadaye mwenyewe alisisitiza kwamba kazi yake ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuamsha seli za pale pale. Na sio nadharia tu, Desemba 2024 Marekani waliidhinisha Ryoncil ambayo ni seli hizo hizo kutoka uboho wa watu wengine, kwa watoto ambao seli walizopandikizwa zimewageuka, ile hali aliyoisema Nesi, na steroidi, dawa za kawaida za kutuliza kinga, zikashindwa. Hao ni watoto wangekufa. Kwenye moyo pia kuna jaribio la wagonjwa zaidi ya 500, matokeo yalitoka 2023, waliodungwa seli walionekana kupata mashambulio ya moyo na kiharusi kidogo kuliko wenzao. Kwahiyo kusema hazifanyi kitu sio sawa.

Darubini

Tumaini nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri, na mpe pole ndugu yako.

Ryoncil ni ya kweli, na inafanya kazi kwa sababu ule ugonjwa ni wa kinga iliyochachamaa na hizo seli zinatuliza kinga, yaani kazi imelingana na mfanyakazi. Ila hata kwenye kutuliza uvimbe sio kila mahali inakubali. Alofisel, nayo ni ya seli hizo za mesenkaima, iliidhinishwa Ulaya 2018 kwa wagonjwa wa Crohn (ugonjwa wa uvimbe wa utumbo) wenye vitundu karibu na njia ya haja kubwa, baadae likafanyika jaribio kubwa zaidi likashindwa kuonyesha faida, na 2024 dawa ikaondolewa sokoni. Huo ndo uungwana ninaoutaka, mtu anapima tena na akikuta haifanyi kazi anaiondoa.

Lile jaribio la moyo umelitaja sawa, ila kitu walichopanga kukipima tangu mwanzo kilikuwa ni wagonjwa kurudi rudi hospitali kwa moyo kushindwa, na hicho hakikupungua. Hiyo nafuu nyingine ni dalili nzuri inayostahili jaribio lingine, na halijafanya mtu yeyote awe na haki ya kumuuzia mzee wa mtu dripu. Zile zilikuwa ni seli za uboho wa watu waliochaguliwa, zimekuzwa na kuhesabiwa, zimepelekwa ndani ya moyo wenyewe kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa. Sio mchujo wa mafuta kwenye mshipa wa mkono.

Na magoti. 2023 hiyo hiyo lilitoka jaribio la Marekani lenye watu zaidi ya 400 wenye magoti yaliyosagika, wengine wakadungwa seli za uboho wao, wengine mchujo wa mafuta yao kama huo wa kliniki yenu, wengine seli za kitovu cha mtoto mchanga, na wengine sindano ya kawaida ya steroidi. Mwaka mmoja baadae maumivu yalipungua kwa wote sawa sawa, hakuna seli iliyoishinda sindano ya kawaida ya bei rahisi, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu jipya. Ndo maana hata hizo video sishangai, watu kwenye video wanaweza kuwa wanasema ukweli wao kabisa, maumivu ya goti yana tabia ya kupanda na kushuka na kila sindano ikiingia kwenye goti kuna nafuu fulani inakuja.

Nesi wa Zamu

Nataka nirudi kwenye hilo la "hakuna madhara ni seli zake mwenyewe" maana ndo linalonikera zaidi.

Kuna wanawake watatu wa Marekani, jimbo la Florida, walikuwa na tatizo la macho la uzeeni, bado wanaona kiasi. Wakaenda kliniki, wakatolewa mafuta tumboni, wakadungwa macho yote mawili siku moja, zao wenyewe hizo seli. Wawili walilipa dola 5,000 kila mmoja wakidhani wako kwenye utafiti. Wote wakaharibikiwa, retina zikabanduka, damu ndani ya jicho. Madaktari waliowapokea wakaandika kisa chao kwenye jarida la kitabibu la NEJM 2017. Utafiti wa kweli hata siku moja haugusi macho mawili kwa mpigo kwa kitu kisichojulikana.

Mwingine alikuwa na jeraha la uti wa mgongo, akapandikizwa seli za puani mwake mwenyewe, miaka kama 8 mbele akafunguliwa mgongo kwa maumivu wakakuta uvimbe unaotoa kamasi. Kamasi, mgongoni. Seli ya pua ilikuwa inaendelea na kazi yake ya pua.

Bado hujaweka mambo ya usafi, mafuta yakichujwa kwenye chumba kisicho salama unamwingizia mtu bakteria moja kwa moja kwenye damu. Na mzee wa moyo wengi wako kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, mtu anamchoma tumbo kufyonza mafuta, wamewauliza hata anatumia dawa gani?

Mtoto wa Tatu (mleta mada)

Hawajauliza. Kusema kweli hawajauliza hata moja, waliomba jina, umri na lini tunalipa.

Nimemtumia dada huu uzi wote, amekaa kimya muda mrefu halafu akanipigia analia, sio kwa hasira, anasema alitaka tu kumfanyia baba kitu. Kesho tunakaa nae. Naomba mnisaidie mawili ya mwisho. Akibisha, niwaulize nini hao kliniki ili yeye mwenyewe aone? Na mzee nimwambie nini, maana siwezi kumwambia tu hakuna kitu.

Darubini

Waulizeni jaribio lao limesajiliwa wapi na namba yake ni ngapi, muitafute wenyewe. Waulizeni kwenye huo mchujo kuna seli ngapi, za aina gani, na ngapi ziko hai, mtu anayefanya kazi hii kwa kweli anazo hizo namba kwenye karatasi kabla hajamgusa mgonjwa. Waulizeni nani alipata madhara na walimfanyia nini. Na mumuulize dada swali moja, kitu kimoja kinawezaje kutibu moyo na goti, wakati hapa tumeona hata seli ya pua haiwezi kuacha upua wake. Utafiti wa kweli kwa kawaida mgonjwa haulipii hiyo tiba, ukiombwa hela nyingi ili "ushiriki" simama hapo hapo.

Nesi wa Zamu

Kuhusu mzee, mkuu wala usimwambie hakuna kitu, maana kipo. Mrudisheni kwa daktari wake wa moyo mumuulize waziwazi kama dozi za dawa zimefikishwa pale zinapotakiwa kufika, wagonjwa wengi wanaanzishiwa dozi ndogo na hakuna anayerudi kuzipandisha. Muulizeni pia habari ya mazoezi ya moyo yanayosimamiwa, yanampa mtu pumzi ya kupanda ngazi kuliko watu wanavyodhani, na mazoezi hayo hayo ya kuimarisha mapaja ndo yanayopunguza maumivu ya goti. Kama ana uzito, kila kilo anayopunguza magoti yanaisikia. Na muwe makini na dawa za maumivu anazojinunulia, diklofenaki na ibuprofeni zinamjazia maji mwenye moyo dhaifu, mara nyingi huko kuhema kunaongezwa na hivyo vidonge vya goti. Mchungulieni kwenye droo yake ana nini, mpeleke vyote kwa daktari kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile vya "seli shina".

Mtoto wa Tatu (mleta mada)

Diklofenaki anazo. Anameza kila usiku. Nampigia mama sasa hivi.